Unga wa matundu umepata Nobel, vipimo vya maembe yetu nani anavyo?

WAHENGA walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Angekuwa mfanyabiashara wa maembe aliyetunga msemo huo, angesema embe moja likiiva, na asingekosea hata kidogo.

Desemba mwaka 2007 nilipakia matenga ya maembe Tabora kuyaleta Dar es Salaam. Nusu ya mtaji ilikuwa yangu, nusu nilikopa kwa shemeji. Maembe yalikuwa mabichi na magumu kama inavyotakiwa kwa safari ndefu, ila machache yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Mpakiaji akasema hayana neno, yataliwa njiani. Lori likatuharibikia tukiikaribia Manyoni. Tulikaa pale siku mbili tukisubiri kifaa, jua kali mchana kutwa, turubai limefungwa pande zote kwa kuogopa mvua na wadokozi. Tulipofungua sokoni, matenga ya juu yalifaa kuuzwa siku hiyo hiyo tu. Ya katikati na ya chini yalikuwa uji. Madalali walinunua kwa bei ya kunihurumia, na shemeji alimaliza kulipwa baada ya misimu miwili.

Kwa miaka mingi nililaumu lori. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kuwa nilichofanya ni kile kile alichokuwa akifanya bibi yangu na mkungu wa ndizi: nilikuwa nimeyavumbika maembe yangu mwenyewe. Anayevumbika ndizi huzifukia shimoni au huziweka ndani ya pipa, akafunika kwa majani makavu, wengine hutia na moshi, na baada ya siku chache zote zimeiva kwa pamoja. Sababu yake ni kwamba tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyo ikilifikia tunda jirani, nalo linaamka, linaanza kuiva na kutoa ethilini yake. Moshi nao una ethilini ndani yake. Turubai langu, kwa hiyo, lilikuwa shimo la kuvumbikia lenye magurudumu.

Naanza na hasara hiyo kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa mkulima na mchuuzi laweza kuonekana la mbali sana, yaani Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025. Walioipata ni watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Walichotuzwa ni kubuni viunzi vya metali na oganiki, ambavyo duniani kote hufupishwa MOF. Neno oganiki hapa lisimchanganye anayefanya kilimo hai. Wanakemia wakisema oganiki wanamaanisha vitu vilivyojengwa kwa kaboni, basi, viwe na dawa au visiwe nayo.

Ndugu msomaji aliyekulia kijijini ameiona nyumba ya miti kabla haijakandikwa udongo. Fito zimepangwa wima na ulalo, zimefungwa kamba kila zinapokutana, na kati ya fito na fito kuna uwazi wa kupitisha mkono wa mtoto. MOF ni nyumba hiyo, ila vipande vyake ni vidogo kiasi kwamba hata darubini ya shuleni haivioni. Penye fundo la kamba hukaa metali kama zinki, shaba, alumini au zirkoni. Penye fito hukaa molekuli ndefu yenye kaboni. Nyumba hii haikandikwi kamwe. Ule uwazi ndio bidhaa yenyewe.

Mkononi ni unga tu. Lakini gramu moja ya unga uitwao MOF-5, yaani uzito wa robo kijiko cha chai cha sukari, ukizikunjua kuta zake zote za ndani zinafikia mita za mraba 3,800 hivi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani kuna sifuri imezidi, lakini ndivyo ilivyo: karibu ekari nzima ndani ya robo kijiko. Na kuta hizo ndizo zinazonasa hewa, mvuke na harufu.

Vitu vyenye matundu si vipya. Mkaa una matundu, ndiyo maana kipande chake kikiwekwa ndani ya jokofu hupunguza harufu. Kile kipakiti kidogo ndani ya boksi la viatu vipya, kilichoandikwa usile, kina matundu ya kunyonya unyevu. Yapo pia mawe yaitwayo zeolaiti, ambayo Axel Cronstedt wa Sweden aliyapa jina hilo mwaka 1756 baada ya kuliona jiwe likitoa mvuke kana kwamba linachemka alipolipasha moto. Tatizo ni kwamba tundu la mkaa ni lile ulilojaliwa. Ukichoma mti, unapata matundu makubwa na madogo yamechanganyika, na huwezi kumwendea mchoma mkaa ukamwambia unataka gunia la matundu ya kipimo kimoja.

Hapo ndipo walipoingia watatu hawa, na kisa cha Robson ndicho kinachonipendeza zaidi. Mwaka 1974 aliambiwa aandae mipira ya mbao na vijiti kwa ajili ya kuwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mipira ikiwa chembe na vijiti viungo vyake. Ilibidi aiambie karakana ya chuo itoboe wapi kwenye kila mpira. Alipoanza kuichomeka vijiti, aligundua kuwa umbo zima lilikuwa tayari limeamuliwa na mahali pa matundu. Fundi yeyote wa kenchi anajua hilo: ukishakata pembe za mbao, paa limeshajiamulia. Ilimchukua zaidi ya miaka 10 kulijaribu wazo hilo kwa chembe za kweli. Mwaka 1989 alichapisha matokeo ya kuunganisha shaba na molekuli yenye mikono minne, akapata fuwele iliyopangika kama almasi lakini yenye uwazi mkubwa ndani.

Nyumba hizo za kwanza zilikuwa dhaifu, zikibomoka upesi. Kitagawa alipoomba fedha za utafiti, wafadhili hawakuona maana, kwani zeolaiti zipo, za nini nyingine? Hata hivyo aliendelea, na mwaka 1997 akatengeneza kiunzi ambacho kingeweza kukaushwa maji yote kikabaki kimesimama, hewa ikaingia na kutoka bila kukivunja. Yaghi, aliyezaliwa Amman nchini Jordan mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, ndani ya chumba kimoja kisicho na umeme wala maji ya bomba, ndiye aliyevipa viunzi hivi jina lake mwaka 1995 na kuitoa ile MOF-5 mwaka 1999.

Lakini kwangu mimi mwaka mkubwa ni 2002. Mwaka huo Yaghi na wenzake walionyesha viunzi 16 vyenye ramani moja. Mafundo yale yale, fito tofauti. Wakitaka chumba kikubwa, wanaweka fito ndefu. Wakitaka kuta zinazoshika kitu fulani, wanachagua fito zenye kipambo kinachokipenda kitu hicho. Kabla ya hapo mwanakemia alichanganya, akapika, akasubiri bahati. Tangu hapo anaweza kuanza na swali: nataka kunasa nini, kina ukubwa gani, nikishike kwa nguvu kiasi gani, nikiachie lini? Kisha anachagua mafundo na fito, kompyuta inamjaribia maelfu ya ramani kwenye skrini, ndipo anawasha jiko. Si kwamba kila ramani hutii. Wakati mwingine nyumba mbili hujijenga moja ndani ya nyingine zikazibana nafasi, na wakati mwingine unyevu huibomoa nyumba nzuri. Hata hivyo, kazi imekuwa ya ufundi seremala, na hadi leo aina zilizokwisha kutengenezwa ni makumi ya maelfu.

Turudi kwenye maembe. Katika miaka ya 1990 watafiti Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani waligundua kuwa hewa iitwayo 1-MCP hulizuia tunda lisiisikie ethilini. Inafanya kazi kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli, kwamba ethilini inakuja, inakuta tundu limezibwa, na tunda linaendelea kulala. Shida ya 1-MCP ni kwamba ni hewa, haifungwi kwenye mfuko wa rambo. Kwanza ilinaswa ndani ya aina ya sukari itengenezwayo kwa wanga. Kisha mwaka 2016 kampuni ya Decco, ikishirikiana na MOF Technologies ya Belfast, ilitangaza bidhaa iitwayo TruPick, ambamo 1-MCP imehifadhiwa ndani ya MOF na kuachiwa kwenye matunda yaliyohifadhiwa. Hiyo ni miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa za MOF kuingia sokoni duniani. Haikuwa ya roketi wala ya almasi. Ilikuwa ya matunda.

Na hapa ndipo manung'uniko yangu yanapoanzia. Duniani, 1-MCP imetumika zaidi kwa tufaha, tena tufaha lililolala kwenye chumba baridi kwa miezi, kwa mwenye ghala anayejua lilichumwa lini na liko nyuzi ngapi za joto. Huyo ndiye aliyepeleka vipimo kwa fundi, na fundi akamtengenezea. Embe dodo la Tabora chini ya turubai, juu ya barabara ya matuta, limechanganywa tenga moja na bolibo lililochumwa siku nyingine, halikuwa na mtu wa kulipelekea vipimo. Simlaumu fundi. Ukienda kwa seremala ukamwambia nataka kitanda, naye akakuuliza futi ngapi kwa ngapi ukanyamaza, atakutengenezea kitanda cha mteja wa jana.

Tofauti hizo si ndogo. Ndizi ikipewa 1-MCP mapema mno huweza kukataa kuiva vizuri baadaye, ikatoka madoadoa ya kijani na njano ambayo hakuna mama ntilie atakayeigusa. Tunda ambalo limeshaanza kuiva halipati faida kubwa. Machungwa na mananasi hayaivi kwa mtindo huo wa kuamshana, kwa hiyo mwenye nayo asikubali kuuziwa. Tena dawa hiyo haiponyi tunda lililobondwa kwenye lumbesa, wala haizuii ukungu ulioingia kupitia mkwaruzo.

Nasema haya kwa sababu nalijua soko letu. Neno Nobel litaletwa kwenye vibandiko. Atakuja kijana mwenye shati jeupe na mkoba, ana vipakiti vya unga wa matundu, na atasema unatunza nyanya mwezi mzima. Mwulize ndani ya tundu kuna nini, 1-MCP au hakuna kitu? Mwulize umejaribiwa kwa tunda gani, kwa joto gani. Mwulize umesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, maana huko Marekani 1-MCP husimamiwa kama kiuatilifu na si kama peremende. Akianza kujibu kwa kutaja jina la mshindi wa tuzo, mpe maji ya kunywa umsindikize.

Kuna na ahadi ya pili ambayo wakulima wa maeneo makame wataisikia, ile ya kuvuna maji hewani. Hii ni kweli kabisa. Yaghi na wenzake wametengeneza unga wa alumini uitwao MOF-303, na mwaka 2019 walitoa taarifa kuwa chombo chao katika jangwa la Mojave kilipata lita 0.7 za maji kwa siku kwa kila kilo ya unga. Kwa mtu mwenye kiu jangwani hiyo ni habari kubwa. Sasa tuipigie hesabu ya shamba. Bustani ya ekari moja inayohitaji milimita 5 za maji kwa siku inakunywa lita 20,000 na ushee. Gawanya kwa 0.7, unapata kilo 29,000, yaani tani 29 za unga kwa ekari moja ya mchicha. Atakayekwambia umwagilie kwa MOF anataka kukuuzia shamba la angani. Maji ya kunywa ya zahanati au ya kifaranga, hilo tunaweza kulizungumza.

Suala la unyevu lina upande wake mwingine kwetu. Ile MOF-5 yenye sifa zote hizo hubomoka ikikaa kwenye hewa yenye unyevunyevu. Ipeleke Tanga au Mombasa mwezi wa Aprili, haitakaa. Viunzi vya zirkoni, kama vile vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, na baadhi ya vile vya alumini vinavumilia maji vizuri zaidi. Alumini ina nafuu nyingine: kiunzi chake kimoja hupikwa ndani ya maji kwa kutumia asidi ya fumariki, ambayo hutiwa hata kwenye vyakula. Fito za MOF-5 nazo ni asidi ile ile inayotumika kutengenezea plastiki ya chupa za maji. Malighafi, basi, si dhahabu. Ghali ni kupika kwa wingi na kwa uhakika, na viwanda vikubwa vya Ulaya vilianza kufikia mamia ya tani kwa mwaka hivi karibuni tu, BASF ya Ujerumani ikitangaza kufika huko mwaka 2023, tena kwa kazi ya kunasa hewa ya ukaa inayotoka viwandani.

Kuna watakaosema, na nimeshaambiwa hivyo kijiweni, kwamba tujenge kwanza barabara na vyumba vya baridi, haya ya Nobel tuwaachie wenye vyuo. Nakubali nusu. Kabla ya unga wowote, mchuuzi anaweza kuyatoa maembe yaliyogeuka rangi asiyapakie na mabichi. Anaweza kuacha upenyo wa hewa chini ya turubai, akapakia kwenye kreti badala ya kushindilia, akasafiri usiku. Vipo pia vipakiti vya pamanganeti ya potasiamu, dawa ya zambarau ambayo huila ethilini na kugeuka kahawia inapochoka, na hivyo vimekuwepo miaka mingi kabla ya MOF. Mimi mwenyewe ningefanya hayo mwaka 2007, shemeji angelipwa mapema.

Nusu nisiyoikubali ni ile ya kuwaachia wenye vyuo. Zamani ilikuwa sawa kungoja, kwa sababu mvumbuzi mwenyewe alikuwa akingoja bahati. Siku hizi kemia ya matundu inafanya kazi kwa oda, na anayepeleka oda mapema ndiye anayetengenezewa. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, Taasisi ya Nelson Mandela ipo Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya kemia. Vyama vya ushirika vya wakulima wa matunda vipo. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wana meli za kuwahi na wanunuzi wa Ulaya wanaolalamika tunda likifika laini. Nani kati yao ameandika kwenye karatasi joto la ndani ya lori saa nane mchana, siku ngapi kutoka mtini hadi sokoni, aina ipi ya tunda, tenga ngapi zilitupwa? Bila karatasi hiyo mwanakemia wa Morogoro hana cha kusanifu, na wa Berkeley hana hata habari kwamba tupo.

Kipimajoto si ghali. Nilinunua kimoja msimu uliopita nikakifunga kwa waya katikati ya matenga, nikawa naandika kila tuliposimama. Nikakipeleka kidaftari changu kwa mhadhiri mmoja wa kemia, akakisoma chote kwa makini, akanisifu. Kisha akauliza, "Mzee wangu, haya yalichumwa saa ngapi, na yalikaa shambani muda gani kabla ya kupakiwa?" Nilikuwa na joto la kila kituo kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, lakini hilo sikuwa nalo. Msimu huu utingo amepewa chaki, na kila tenga linaandikwa siku na saa ya kuchumwa kabla halijapanda lori.